Mnunuzi wa Kompyuta Kuukuu

Kelera alitoka kazini saa kumi na moja na nusu jioni. Mvua ya Suva, huko Fiji, ilikuwa imepumzika kidogo, kama inavyopumzika kila siku ili ipate nguvu ya kurudi. Begani alining'iniza mkoba wenye laptopu yake ya zamani. Ilikuwa nzito. Miaka sita ameibeba, mpaka bega la kushoto likawa limeshuka kuliko la kulia, na mama yake akawa anamnong'oneza kanisani, "Kaa wima, watu watasema nimezaa mtoto kombo."

Siku hiyo alikuwa anakwenda kuchagua nyingine.

Wiki mbili nyuma, bosi wao, Bwana Waisake, alimwita na kumwambia kwamba kuanzia sasa yeye ndiye kiongozi wa ile kazi kubwa: programu ya tiketi za meli ziendazo Kadavu, Taveuni na visiwa vingine. Akamwambia achague kompyuta anayoitaka mwenyewe, kampuni itamnunulia. Kelera alishukuru. Alipotoka ofisini kwa bosi alimkuta Unaisi ameketi kwenye meza yake, amempa mgongo, anaandika. Hakugeuka.

Unaisi alikuwa mtoto wa mjomba wake. Ndiye aliyemfundisha kuandika programu, kwenye meza ya chakula ya mama yake Kelera, huku wanakula muhogo wa kuchemsha na kugombea kiti chenye mto. Ndiye aliyemtafutia kazi pale. Na hapakuwa na mtu ofisini asiyejua kwamba uongozi ule ulikuwa wa Unaisi. Lakini kabla ya kuamua, Waisake alipita akiuliza watu maoni, na alipofika kwa Kelera, Kelera alimjibu, "Unaisi ni fundi sana, ila siku hizi ana hasira."

Sentensi moja tu. Wala haikuwa ya uongo.

Hata hivyo, Kelera alipomwomba amsindikize dukani, Unaisi alikubali.

"Nakuja," alisema. "Nikikuacha peke yako utanunua kwa rangi."

Duka la Bwana Dhirendra lilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya soko, chini ya ghala la vitambaa. Laptopu zilipangwa juu ya meza ndefu, zote zimefunguliwa, zinawaka. Dhirendra aliwapungia mkono kutoka kwenye kaunta huku anazungumza na simu. Nje kiza kilikuwa kinaingia, na matone makubwa yakaanza kugonga bati.

Kelera alinyanyua moja, nyembamba kama daftari la shule. "Ona hii. Hata siisikii mkononi."

"Iweke chini," Unaisi alisema. "Hiyo ni ya watu wa kujibu barua pepe. Haina feni. Ukiipa kazi yako, dakika kumi nyingi, inapata moto. Ikipata moto inajipunguza mwendo yenyewe. Utakaa unaiangalia kama sufuria ya maharage."

"Na hii?"

"RAM kumi na sita, tena imechomelewa kwenye bodi. Huwezi kuongeza hata ulie. Wewe unafungua seva tatu za majaribio kwa wakati mmoja. Chukua thelathini na mbili au turudi nyumbani."

"Mtoto wa mjomba, una maneno kama mposaji aliyekataliwa."

"Na wewe una macho kama bibi harusi. Unaangalia shela, hujamwangalia mume."

Dhirendra alicheka pale kwenye kaunta. "Dada Unaisi, njoo uniuzie duka, mimi nikalale."

Unaisi aliipitia meza yote. Aliziinua, akazipima uzito kwa kiganja. Aliweka sikio ubavuni kusikiliza feni. Alivuta kioo nyuma na mbele kuona kama bawaba imelegea, akakielekeza kwenye taa kuona kama kinang'aa na kuumiza macho. Akafumba macho na kuandika kwenye kibodi bila kutazama, sentensi ile ile kwenye kila mashine, akitikisa kichwa. Mwisho alisimama mbele ya moja ya kijivu. Kilo moja na kidogo. Unene wake ni kidole kimoja cha mkono. Vitufe vyake vilibonyea kwa kina, kimyakimya. Aliipa kazi nzito makusudi, wakangoja. Feni ikapumua taratibu kama mtoto aliyelala, na mashine haikupunguza mwendo.

"Ninayo hiyo moja tu," Dhirendra alisema.

Unaisi aliishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii ndiyo ningejichagulia mimi," alisema. Kisha akaiweka mikononi mwa Kelera, polepole. "Lakini mimi siku hizi nina hasira."

Kelera aliigeuza ile mashine mikononi. Kumbe Waisake alikuwa amemwambia. Mvua ilizidi kupiga bati, na hapo ndipo Kelera aliposikia harufu... Tope. Tope la mikoko, maji yakishakupwa, lile tope jeusi lenye uozo wa samaki na majani. Ndani ya duka. Mbali na bahari.

"Ile ya zamani unaipeleka wapi?"

Sauti ilitoka nyuma yao. Kelera aligeuka. Mama wa makamo alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwao, amevaa gauni la maua la kwendea kanisani, mkononi ana mkoba wa ukili. Nje mvua ilikuwa inamwagika, na gauni lake lilikuwa kavu.

"Mimi hununua kuukuu," alisema kwa upole.

Kelera alidhani ni mtu wa dukani. Akaufungua mkoba, akaitoa laptopu yake. "Nimefuta kila kitu, mama. Mara tatu. Humo ndani hamna hata picha."

"Vilivyomo ndani sivihitaji."

Kelera aliona aibu kwa jinsi kibodi ilivyochakaa. Kati ya vitufe kulikuwa na vumbi, punje za biskuti, nywele zake fupi. Alitoa karatasi laini mkobani ili apanguse.

"Usiifute," yule mama alinong'ona. "Iache hivyo hivyo, mwanangu."

Akaipokea. Akaipindua juu ya kiganja chake, akaipigapiga mgongoni, kama mtu anayemcheulisha mtoto. Vikaanguka vitu vidogovidogo. Alivitazama. Akavifumbata. Wakati anafumba mkono, Kelera aliziona kucha zake. Hazikufanana. Moja pana, moja nyembamba, moja fupi ya kutafunwa, moja ya kitoto kabisa... Kama zilitoka kwa watu mbalimbali.

"Miaka sita," yule mama alisema, na kutabasamu.

Alimwachia Kelera noti mbili zenye unyevu. Dhirendra alipomaliza kuifunga ile mpya kwenye boksi, mama yule alikuwa ameshaondoka, na Unaisi alikuwa amesimama mlangoni anaitazama mvua kama asiyeona.

"Umemwambia lini kwamba ni miaka sita?" Kelera aliuliza.

"Mimi sijamwambia mtu kitu," Unaisi alijibu.

Siku tatu za kwanza zilikuwa raha tupu. Kazi iliyokuwa ikichukua nusu saa kwenye ile ya zamani ilikwisha kabla Kelera hajamaliza kumenya ndizi. Bega lilipumzika. Aliibeba kila mahali, chini ya kwapa, kama gazeti. Betri ilimaliza siku nzima. Alisema moyoni kwamba Unaisi anajua kuchagua, na kila aliposema hivyo alihisi mwiba mdogo, akaacha kusema.

Jumatatu jioni alikuwa mezani nyumbani, mama yake anakuna nazi jikoni. Mikono yake ilikuwa mapajani. Anasoma tu, haandiki.

Tak.

Alinyanyua kichwa.

Tak... tak-tak... klak.

Ile *klak* aliifahamu. Ilikuwa ya kitufe kirefu cha chini kwenye ile laptopu ya zamani, kilicholegea upande mmoja mwaka wa pili na ambacho hakukitengeneza. Miaka minne ameisikia kila siku. Hakuna mashine nyingine duniani iliyolia vile.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia nini? Mimi nakuna nazi."

Klak.

Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kikafa ganzi.

Hakikuuma. Kilikuwa pale, kinakunjika, kinanyooka, lakini alipokigusa ilikuwa kama anagusa kidole cha mtu mwingine. Usiku ule alilala akiwa amekikumbatia, akijiambia asubuhi kitaamka. Asubuhi hakikuamka.

Cha pili kilikwenda Jumatano, saa sita mchana, ofisini, watu wamekaa wanakula. Sauti ilitoka chini ya sakafu, karibu kabisa, kama mtu ameketi pale chini na kompyuta magotini. Cha tatu kilikwenda Jumapili kanisani. Waumini wote walikuwa wamesimama wanaimba, sauti za wanaume zinatetemesha mabenchi, na katika kile kituo kifupi wanapovuta pumzi kabla ya ubeti, katika kile kimya...

Tak-tak. Klak.

Alishika mkono wa mama yake. Hakuuhisi vizuri.

Daktari alimwambia ni mishipa ya fahamu, ugonjwa wa watu wa kibodi, akampa bandeji za kufunga viganja na kumwambia apumzike. Kelera alizifunga. Alipumzika. Wiki ya tatu vidole saba vilikuwa vimekwenda: vinne vya kushoto, vitatu vya kulia. Alikuwa akiandika neno moja kwa dakika nzima, akiangalia kila kidole kinapokanyaga, na bado mstari mzima unatoka takataka. Wamiliki wa meli walikuwa wanakuja kuiona programu mwisho wa mwezi.

Waisake alimwita. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba kazi ataimalizia Unaisi, kwa muda, na kwa kuwa kila kitu kimo kwenye ile mashine ya kijivu, basi amwachie na mashine.

Kelera aliiweka juu ya meza ya Unaisi. Unaisi hakumtazama usoni. Alitazama bandeji.

"Pole, binamu," alisema.

"Asante," Kelera alisema. "Umechagua vizuri."

Siku hiyo hiyo, mama yake alimkuta jikoni ameshika sufuria ya majimbi kwa mikono mitupu. Maji yanachemka. Ngozi ya vidole imeanza kuvimba malengelenge, na Kelera anaangalia dirishani, hana habari.

Mama yake alimpokonya ile sufuria. Alimkalisha. Alimwosha kwa maji baridi, kisha akaenda kufunga mlango.

"Niambie kweli. Umeacha nini chako kwa mtu? Nguo? Nywele? Kucha?"

"Sijaacha kitu, Mama."

"Fikiri." Hakutaka kulitamka neno draunikau ndani ya nyumba yenye Biblia. Alisema kwa kunong'ona, "Ule uchawi wa majani hauanzi hivihivi. Lazima mtu awe na kitu kilichotoka mwilini mwako."

Kelera alifikiri. Akakumbuka kiganja kilichofunguliwa, vitu vidogovidogo vikianguka juu yake. Miaka sita ya nywele. Miaka sita ya ngozi na jasho na vipande vya kucha alizokuwa akizitafuna akiwaza. Alikuwa ameketi saa nne nzima akifuta siri za kampuni, mara tatu, ili mtu asizione. Na yeye mwenyewe alijiacha mzima kati ya vitufe.

Walikwenda dukani pamoja, jioni ile ile. Dhirendra alikuwa anapanga chaja.

"Yule mama anayenunua kuukuu," Kelera alisema, "anakaa wapi?"

"Mama gani?"

"Wa gauni la maua. Tuliponunua ile ya kijivu."

"Aa, yule." Dhirendra alikuna kidevu. "Si mlikuja naye?"

"Hatukuja naye."

"Mlikuja naye, dada. Nilikuwa kwenye simu lakini niliwaona mnaingia. Alikuwa amemshika dada Unaisi mkono, hivi, vidole ndani ya vidole. Nikadhani ni shangazi yenu. Nikasema moyoni, ukoo mzima umekuja kununua laptopu moja."

Mama yake Kelera alishusha pumzi ndefu. Unaisi alikuwa mtoto wa kaka yake. Yeye ndiye aliyemnyoa nywele za kwanza kwa mkono wake.

"Twende nyumbani," alisema.

Siku ya pili yake, kabla ya taa kuwashwa, Unaisi alikuja mwenyewe. Alisimama barazani, amelowa, ile mashine ameikumbatia kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Kelera alifungua mlango nusu. Mama yake alikuwa ndani, anasali.

"Ulimpeleka wewe," Kelera alisema.

"Sikumpeleka. Sikiliza kwanza..."

"Dhirendra aliwaona mmeshikana mikono."

"Sikumwona, Kelera! Nilihisi mkono wangu wa baridi tu. Nikasema ni mvua." Unaisi aliteremsha sauti. "Lakini nilikuwa nimeshamwona kabla. Siku Waisake aliponiambia ulichosema. Nilikwenda ufukweni Nasese, bahari imekupwa, tope tupu. Nikakaa ukutani nalia. Akaja akakaa pembeni yangu na mkoba wake. Akaniuliza, 'Nani amekuumiza?' Nikalitaja jina lako."

"Na nini kingine?"

Unaisi aliukunja ukingo wa ule mfuko.

"Na nini kingine, mtoto wa mjomba?"

"Aliniuliza, 'Ungetaka akose nini?' Nikasema... basi akose mkono wa kuandikia. Maneno tu. Maneno ya mtu anayelia. Sikumpa kitu, sikumwomba kitu. Sentensi moja tu."

Mvua ilikuwa inateremka kwenye paa la baraza na kufanya pazia nyuma yake. Kelera alimwangalia yule binti aliyemshika vidole, kimoja kimoja, akamwonyesha mahali pa kuviweka juu ya kibodi. Alimkuta amekonda.

"Umekuja kufanya nini?"

"Yule mama alikuja ofisini jana. Alisimama mlangoni, hakuingia. Aliniuliza kama nimeizoea hii." Aliuinua ule mfuko. "Nikamwambia si yangu. Akasema, 'Vidole vyako vimo.' Kisha akasema atasubiri."

"Atasubiri nini?"

"Ichakae, au niachwe nayo peke yangu."

Wote wawili waliitazama. Kupitia plastiki ilikuwa bado nzuri. Nyembamba, kijivu, haina mkwaruzo.

"Sasa nikiigusa naogopa, nisipoigusa naogopa," Unaisi alisema. Alikuwa analia. "Nikiitupa ataiokota. Nimeleta brashi na sindano. Tuing'oe vitufe kimoja kimoja, tuisafishe mpaka ndani, uchafu wote tuuchome. Wako na wangu. Mimi peke yangu mikono inatetemeka, siwezi. Nisaidie, dada. Kaa nami tu. Huna haja ya kugusa."

Ilikuwa kazi ya saa moja. Meza ilikuwa pale pale, ile ya muhogo. Kiti chenye mto kilikuwa pale pale.

Kelera aliinua mikono yake iliyofungwa bandeji, akaishika mbele ya uso wa Unaisi ili aione vizuri.

"Wewe ni fundi sana," alisema. "Utaweza."

Akafunga mlango.

Alibaki amesimama nyuma ya huo mlango. Alisikia kwikwi. Alisikia plastiki ikichakarika. Muda ukapita, kisha akasikia miguu ikishuka ngazi za baraza, polepole, na kwa chini, kwenye uwazi wa mlango, ile harufu ikaingia... tope la mikoko. Ikakaa kidogo. Ikaondoka kwa kuelekea kule kule Unaisi alikoelekea.

"Nani alikuwa mlangoni?" mama yake aliuliza.

"Hakuna mtu."

Asubuhi kulikuwa na jua. Kelera alikuwa mezani, mama yake anamimina chai, wakati simu yake ilipoanza kutetemeka juu ya meza. Jina la Unaisi lilikuwa kwenye kioo. Hakuipokea. Alitaka kuisukuma mbali, akaigusa kwa ukingo wa mkono wa kushoto.

Akaihisi.

Kidole chake kidogo kiliihisi ile simu inavyotetemeka. Kilikuwa cha moto, kinawasha, kimejaa damu. Kilikuwa chake.

Simu ilinyamaza. Akangoja.

Ikalia tena. Kidole cha pili kikaamka.

Alifungua bandeji kwa meno. Akaviweka vidole vyote vya kushoto juu ya ile simu, kama mtu anayepima mapigo ya mgonjwa. Ilikata. Ikalia. Cha tatu. Ilikata, ikakaa muda mrefu kidogo, mpaka akaogopa kwamba haitalia tena. Ikalia. Cha nne. Akabadilisha mkono. Safari hii miito ilikuwa mifupi, inakatika katikati, kama ya mtu anayebonyeza ovyo, anayekosea, anayetafuta kitufe kwa kiganja kizima. Cha tano. Cha sita.

"Pokea simu ya watu," mama yake alisema. "Nani huyo anayehangaika hivyo asubuhi?"

"Wamekosea namba, Mama."

Ililia mara ya saba, mlio mmoja tu. Baada ya hapo haikulia tena.

Mama yake aliisogeza chai mbele yake. Kelera alikizungushia kikombe vidole vyote kumi. Kilikuwa cha moto sana, cha kuunguza, na hakukiachia. Akanywa. Tangu azaliwe hakuwa amewahi kunywa chai tamu kama ile.